Tonge la Mheshimiwa

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga, la hasha. Kuna waraka unaosema jina la nchi lisitajwe na mtu aliyevaa ndala, nami ni fundi viatu: vya watu nashona, vyangu ni ndala. Basi tuseme nchi yetu, na jimbo letu. Msomaji mwenye akili ataelewa, na asiye na akili atapata kazi serikalini.

Nianze kwa kusema kwamba serikali ya jimbo letu inatupenda. Inatupenda mpaka tunachoka. Kuna watu wenye midomo wanaoniuliza, "Fundi Mdoe, ilikuwaje pacha mmoja wa dada yako akaenda, akabaki mmoja?" Nawajibu kwamba ni mapenzi hayohayo. Wanadhani natania. Jamani, mimi na utani tuliachana zamani.

Hebu nieleze yote, nawe uamue mwenyewe.

*

Mambo yalianza siku Mheshimiwa Gavana wetu, Dokta Ndelemo, aliporudi kutoka ng'ambo. Alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa udongo, akafuatana na ujumbe uliojaza ndege, pamoja na mpiga zumari wake, maana huko ng'ambo zumari zao hazimwingii.

Huko hotelini aliletewa sahani kubwa yenye jani moja. Jani lenyewe lina tundu, na pembeni ya tundu kuna kiwavi amejinyoosha kama yuko kwao. Mheshimiwa akataka kumfokea mhudumu. Mhudumu akamwambia kwa upole kwamba jani hilo halikupuliziwa dawa, mdudu amelila na bado anadunda, na ndiyo sababu ni ghali. Mheshimiwa akalia palepale. Tuliambiwa na redio ya jimbo kwamba machozi yake yalihifadhiwa.

Aliporudi tulipangwa barabarani tangu asubuhi, na watoto na bendera. Akashuka akiwa ameshika lile jani ndani ya fremu ya kioo.

"Wananchi!" akasema. "Nimekula jani! Na jani limenifungua macho! Kuanzia leo jimbo letu ni jimbo la kilimo hai, mwanzo mwisho! Mbolea ya dukani?"

"Marufuku!" tukaitikia.

"Dawa ya kupulizia?"

"Marufuku!"

"Na ushahidi wa chakula salama ni mmoja tu, nao ni tundu! Mdudu hakusoma, lakini hadanganyi! Akila yeye, tule na sisi! Asipokula, basi hapo kuna jambo!"

Nilipiga makofi mpaka mikono ikawaka moto. Kusema kweli neno lenyewe halikuwa baya. Dada yangu Sikitu alikuwa akilima kwa samadi ya mbuzi wake miaka nenda rudi, hajui dawa wala mbolea ya dukani, na hakuna aliyewahi kumwita kwenye semina. Nilifikiri safari hii watamwita, wamvishe hata skafu.

Walimwita, ndiyo. Nitafika huko.

*

Ikaundwa Mamlaka ya Usalama wa Chakula, kwa kifupi MAUSACHA. Maofisa wake walivaa makoti ya kijani yenye mifuko mingi, na kila mmoja alipewa kijiti cha kupimia tundu, unene wake sawa na njiti ya kiberiti. Kijiti kikipita kwenye punje au jani, chakula ni salama. Kisipopita, chakula kinafungiwa. Na chakula kisicho na cheti, mtu haruhusiwi kukila hata nyumbani kwake na mlango kaufunga. Wakiona moshi jikoni kwako na cheti hakipo mlangoni, umekwisha.

Kata yetu tulipewa Bwana Chubwa. Zamani alikuwa akikagua tiketi uwanja wa mpira, kwa hiyo matundu alikuwa na uzoefu nayo.

Nilikuwepo alipofika kwa Sikitu. Dada yangu ana kichanja chake cha kukaushia mahindi, kimeinuliwa juu ya meko, moshi unapita chini, halafu anayahifadhi na majivu na majani ya mwarobaini. Ndivyo alivyofanya mama yetu. Mahindi yake ukiyagonga yanalia kama shanga. Wale pacha wake, Kurwa na Doto, walikuwa wanachezea mabunzi pale chini.

Bwana Chubwa akatwaa hindi, akaligeuza, akachomeka kijiti huku, akachomeka kule. Wapi.

"Mama," akasema, "mahindi haya ni mazuri."

"Ahsante, baba."

"Ni mazuri mno. Mdudu kayakataa. Mdudu ana akili, mama. Kaona nini humu?"

"Kaona majivu," Sikitu akasema. "Na mwarobaini. Havipendi."

"Ahaa! Kwa hiyo unakiri kwamba kuna kitu mdudu hakipendi."

Ghala likafungwa kwa kamba na nta ya kijani. Akapewa muda wa kutafuta matundu, la sivyo mahindi yatateketezwa kwa usalama wa watoto wake. Bwana Chubwa alilitamka neno "watoto" kwa uchungu kabisa, akampapasa Kurwa kichwani. Mtu mpole yule, ukimkuta hana koti.

*

Basi jimbo zima likaanza kutafuta wadudu. Mwaka ule baridi ilikuwa kali na wadudu walikuwa wachache, nadhani na wao walisikia kuna mkutano wakaenda. Fukusi wakawa wanauzwa sokoni kwenye chupa za soda. Watu walikuwa wakiamkiana, "Hamjambo? Na wadudu hawajambo?" Jirani yangu mmoja alimwozesha binti yake kwa mtu mwenye kunguni, akidhani ni mwanzo mzuri.

Sikitu alinunua chupa moja ya fukusi, akawamwaga ghalani kupitia ufa wa mlango. Wakanusa majivu, wakatoka mbio kupitia ufa huohuo.

Asubuhi moja akaja kibandani kwangu, akakaa kwenye kigoda cha wateja, hindi mkononi, kalichomoa kupitia ufa uleule.

"Kaka," akasema, "nipe msharasi."

Msharasi ndio chuma chetu mafundi cha kutobolea ngozi. "Unashona nini?" nikamuuliza.

"Sishoni. Natoboa."

Akakamata hindi lake, akalitoboa punje baada ya punje, uso kaukaza. Alipomaliza akanipa nilitazame. Aisee! Hata mdudu mwenyewe angesema hiyo ni kazi ya shangazi yake.

Habari haikulala. Kufikia adhuhuri kijiji kizima kipo kibandani kwangu na misharasi imekwisha, watu wakashika misumari, sindano za magunia, spoku za baiskeli. Kwetu kazi nzito hufanywa kwa ujima, basi tukafanya ujima wa kutoboa. Leo kwa huyu, kesho kwa yule, mahindi yakipitishwa kwenye nyufa za maghala, wimbo juu, mwenye nyumba anapika uji. Watoto ndio walikuwa hodari, maana vidole vyao ni vidogo. Kurwa na Doto walishindana nani amalize debe lake kwanza, wakaimba wimbo wao wenyewe wa kumsifu fukusi. Nilicheka siku ile mpaka mbavu zikaniuma. Nakumbuka hata wimbo.

Bwana Chubwa akaja. Kijiti kikapita. Kikapita tena. Akatabasamu, akaandika, cheti kikatundikwa mlangoni. Utaniuliza kama alijua. Ndugu yangu, alikuwa anachokonoa meno kwa msharasi wangu alipokuwa akisaini.

"Tundu ni tundu," akaniambia, akanirudishia.

*

Kisha mvua ikanyesha. Ilinyesha kama imetumwa.

Hindi zima lina ngozi yake, unyevu unapita nje. Sasa sisi tulikuwa tumefungua kila punje mlango kwa mikono yetu. Sikitu alipofungua ghala, akanipigia kelele kutoka uani: "Kaka, njoo uone, mahindi yamevaa sweta!"

Kweli yamevaa. Ukungu wa kijani, laini, umetokeza katika kila tundu.

Sikitu si mtu wa kuficha. Akaenda mwenyewe kumwita Bwana Chubwa, akamwambia mahindi yameharibika, anaomba ruhusa ayatupe, na kizuizi cha mpakani kifunguliwe ili watu wanunue mahindi ya jimbo jirani. Maana nilisahau kusema, mpakani kulikuwa na kizuizi. Chakula cha majirani hakina matundu, hakiingii.

Bwana Chubwa akautazama ule ukungu kwa darubini yake ndogo.

"Hiki kimetengenezwa na kiwanda gani?" akauliza.

"Kiwanda? Hakuna kiwanda, baba. Ni ukungu."

"Mmenunua duka gani?"

"Hatukununua. Umeota wenyewe."

"Hakuna kiwanda, hakuna duka, umeota wenyewe." Alikuwa akiandika. "Basi ni wa asili, mama. Huu ndio uasilia wenyewe Mheshimiwa anaoutafuta. Na angalia rangi!"

Akamwondolea kile cheti cha kawaida, akamtundikia kingine kikubwa chenye utepe: Daraja la Kijani. Akamweleza pia kwamba kutupa chakula chenye cheti ni kuhujumu sera, na adhabu yake akaisoma yote, na kiambatisho.

Kwa hiyo dada yangu akayaosha. Akayaanika. Akayaosha tena, akayatwanga, akayasaga, akapika, wakala. Wote tulikula. Ugali ulikuwa mchungu kidogo kwa nyuma ya ulimi, lakini njaa haina pua.

*

Kurwa alianza kukataa kula. Halafu akatapika. Halafu tumbo likavimba na macho yakawa manjano kama ya paka.

Tulimbeba mgongoni kwa zamu mpaka hospitali ya wilaya, mimi na mama yake. Tulimkuta Daktari Lwiza, dada mmoja mwembamba mwenye sauti ya kuchoka. Wodi imejaa watoto wenye macho ya aina hiyohiyo. Akamshika Kurwa tumbo, akauliza wanakula nini nyumbani. Sikitu akamweleza. Daktari akafumba macho.

"Ni sumu ya ukungu wa mahindi," akasema. "Inakula ini. Haitoki kwa kuosha, haitoki kwa kupika. Mama, yule mwingine asile tena mahindi hayo. Tafadhali. Hata tonge."

"Ale nini?" Sikitu akauliza.

Daktari akageukia dirishani. Nje ya dirisha kulikuwa na bango la Mheshimiwa ameshika jani.

Akaandika ripoti. Jibu lilikuja haraka, na barua nyingi za serikali hazina haraka hiyo. Lilisema kwamba kwa kuwa chakula chote katika jimbo kimethibitishwa kuwa salama, ugonjwa unaotokana na chakula haupo, na mgonjwa wa ugonjwa usiokuwepo hayupo, hivyo vitanda vionekane vitupu. Hali ya macho kuwa manjano iandikwe "uchangamfu". Daktari Lwiza akahamishiwa idara ya hali ya hewa, akapime mvua.

Kurwa alikufa kitanda kikiwa kitupu. Mama yake alikuwa amemshika mguu. Sikitu hakulia pale, alinitazama tu akaniambia, "Kaka, mwenzake nimwambie nini?"

*

Doto hakuambiwa, alijua. Alikuwa anagawa ugali wake mafungu mawili, anakula fungu moja, anaacha jingine. Kisha mama yake akamkataza hata lile moja. Tukamlisha mchicha, maembe mabichi, mizizi, mpaka mtoto akabaki macho tu. Mbuzi walikuwa wameshakwisha. Kizuizi cha mpakani hakikufunguliwa, na waliojaribu kupita na vibaba vya unga chini ya kanga walirudishwa bila unga na bila kanga.

Ndipo ikatangazwa Sherehe ya Jimbo la Kijani. Mheshimiwa mwenyewe atakuja kijijini kwetu, ataketi kwenye uwanja wa nyumba ya mkulima bora, atalishwa chakula cha jimbo. Na mkulima bora, kwa kuwa mahindi yake yalikuwa ya kijani kuliko ya wote, ni Sikitu.

Maofisa walipokuja kumpa habari, nikasema nilivyomjua dada yangu atawafukuza kwa mwiko. Hakuwafukuza. Alisema, "Karibuni."

"Sikitu," nikamwambia walipoondoka, "unataka kufanya nini?"

"Nataka kumkaribisha mgeni, kaka. Kwa mila."

Hapo nikaelewa.

Kwetu mgeni hali kwanza. Mwenyeji hula yeye tonge la kwanza mbele ya watu, kuonyesha chakula hakina kitu. Kisha humega tonge la pili, akalikabidhi mkononi mwa mgeni mkubwa. Mgeni akilila, karamu imefunguka. Akilikataa, amesema mbele za watu kwamba mwenyeji ni muuaji. Hapo mwenyeji ana haki ya kuuliza swali moja tu: "Umeona nini?" Na mgeni lazima ajibu. Hakuna anayeinuka mpaka aseme alichokiona. Mheshimiwa ni wa kwetu, bibi yake kazikwa ng'ambo ya mto. Mila anaijua.

Sikitu alipiga hesabu yake hivi: Mheshimiwa akilila, atahofia ini lake na kuelewa. Akilikataa, atalazimika kutamka kwa kinywa chake kwamba kuna ukungu. Na Gavana akishatamka, ukungu utakuwepo, ugonjwa utakuwepo, kizuizi kitafunguliwa, Doto atakula. Hatukuwa na njia nyingine. Ulimwengu mzima ulikuwa umebaki kwenye tonge moja.

*

Walikuja na turubai, na viti vyenye mashuka, na bendi ya polisi. Nyuma ya msafara lilikuja gari la jiko la Mheshimiwa, limejaa makasha ya barafu yenye kuku wa ng'ambo na maji ya ng'ambo, kwa sababu, walitueleza, Mheshimiwa hapendi kuwapunguzia wananchi chakula chao.

Sikitu alivaa kaniki yake ya msiba. Wakamwambia rangi haiendani na shughuli, wakamfunika kitenge cha kijani juu. Doto wakamvisha gauni, wakamshikisha maua, akasimamishwa mbele. Alikuwa anayumba kidogo, na mshereheshaji akasema ni aibu ya kitoto.

Hotuba zikawa nyingi. Kila aliyesimama alisema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya. Mwishowe sahani ikaletwa, ugali na mchicha. Ugali ulikuwa na rangi ya jivu.

Sikitu akapiga magoti, akanawa, akamega, akatia mdomoni, akameza. Akamega la pili, akalifinyanga vizuri, akanyoosha mkono.

"Karibu, baba."

Mheshimiwa akalipokea kwa ncha za vidole. Bendi ikapiga. Mheshimiwa akalitazama tonge. Bendi ikamaliza wimbo, ikaona bado, ikaurudia. Pembeni ya tonge kulikuwa na doa dogo la kijani, na mimi nililiona tangu nilipokaa.

"Mama," akasema Mheshimiwa, "mimi tayari nimeshiba. Nimeshiba kwa maendeleo niliyoyaona hapa."

Watu wakaanza kupiga makofi, lakini Sikitu hakuinuka.

"Umeona nini?" akauliza.

Makofi yakakatika.

"Nimeona maendeleo, mama. Nimeona mwamko."

"Kwenye tonge, baba. Umeona nini?"

Mheshimiwa akacheka peke yake. Jasho likamtoka. Sikitu akamsogelea kwa magoti, na sauti yake ikawa ya kubembeleza, sauti anayotumia kumlaza mtoto.

"Hatutakulaumu, baba. Mvua hukuileta wewe. Sema tu ulichokiona, kizuizi kifunguliwe. Wangu walikuwa wawili, amebaki yule pale. Sema neno moja, naye ale kitu cha maana. Nakuomba. Mimi nitakushukuru mpaka nakufa."

Nami nasema mbele ya Mungu, midomo ya Mheshimiwa ilianza kufunguka. Niliiona. Alimtazama Doto, akatazama tonge, na uso wake ukawa uso wa mtu ambaye bibi yake kazikwa ng'ambo ya mto. Nikasema, sasa anasema, sasa anasema!

Katibu Mkuu wake, aliyeketi nyuma yake, akainama, akamnong'oneza sikioni.

Mheshimiwa akajinyoosha. "Mama," akasema, "mimi ni taasisi. Taasisi haili kwa mdomo wake. Kwa mamlaka niliyopewa, namkasimia Katibu Mkuu madaraka ya kulila tonge hili kwa niaba yangu."

Akampa. Katibu Mkuu akalipokea kwa leso, akasema hiyo ni heshima kubwa kwake, ila ana vidonda vya tumbo vya kikazi, hivyo anamkasimia Mkurugenzi wa MAUSACHA. Mkurugenzi akasema hakuna ambaye angelifurahia tonge hilo kuliko yeye, lakini ndiye aliyelithibitisha, na akilila atakuwa amejikagua, huo ni mgongano wa maslahi, basi anamkasimia afisa wa kata. Bwana Chubwa akasema afisa akiwa ndani ya koti haruhusiwi kula. Akamkasimia mwenyekiti wa kijiji.

Mwenyekiti wetu, maskini, akalitazama tonge, machozi yakamlengalenga. Yeye mjukuu wake alilazwa kitanda kimoja na Kurwa. Akatafuta huku na huku aliye chini yake. Chini ya mwenyekiti hakuna cheo, kuna watu tu.

"Kwa madaraka niliyokasimiwa," akasema, "namkasimia... namkasimia mwakilishi wa kizazi kijacho."

Na mkono wake ukashuka mpaka kwa Doto.

Doto alikuwa na njaa. Mtoto hajui itifaki. Aliangusha maua, akafungua mdomo.

Sikumwona Sikitu akiinuka. Nilimwona tu yuko pale katikati, kitenge cha kijani kimemdondoka, yuko na kaniki yake, amelipokonya tonge mkononi mwa mwenyekiti, amelitia kinywani mwake lote, anatafuna, anamtazama Mheshimiwa. Hakupepesa. Doto akaanza kulia kwamba lilikuwa lake.

Mheshimiwa akaruka kitini. "Limeliwa!" akapaza sauti. "Wananchi, mmeshuhudia! Tonge la Gavana limeliwa! Nani tena atasema chakula cha jimbo hili si salama?"

Bendi ikapiga kwa nguvu zake zote. Wakaondoka na vumbi, na gari la jiko likafuata nyuma, likinukia kuku wa kukaanga.

*

Jioni watu walirudi majumbani. Wote tuliona kwa macho yetu wakubwa wakirushiana tonge kama kaa la moto, hakuna aliyebaki hajui. Na wote tulifika nyumbani, tukawasha moto, tukapika unga uleule. Tungepika nini?

Sheria mpya imetoka. Swali la "Umeona nini?" limepigwa marufuku katika jimbo zima, kwa kuwa linajenga mazoea ya kuona. Sikitu alitunukiwa aproni yenye picha ya jani. Mvua, tumesikia, mwaka huu imepimwa vizuri sana.

Nyumbani kwa dada yangu mila imebaki, ila imegeuka. Wageni hawaji, kwa hiyo mtoto ndiye mgeni. Maembe yamekwisha, mizizi imekwisha. Mkubwa anakula tonge la kwanza, tunakaa tunangoja, halafu ndipo Doto anapewa lake. Daktari Lwiza alituambia wazi kwamba sumu hii haionekani kwa tonge moja, inakuja polepole, huwezi kuionja. Tunajua. Tunaonja hivyohivyo. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Kwanza alikuwa anaonja Sikitu. Sasa Sikitu amelala ndani, macho yake yamekuwa machangamfu mno, hawezi tena kukaa. Kwa hiyo leo zamu ni yangu.

Nimenawa, nimemega, nimekula. Doto amekaa mbele yangu na bakuli lake tupu magotini, ananitazama usoni bila kupepesa, kama mama yake alivyomtazama Mheshimiwa. Hajui kama swali limepigwa marufuku.

"Mjomba," akaniuliza, "umeona nini?"

Nikamwambia sijaona kitu, kula, mama. Akala.